Namna Familia Inavyoweza Kutafuta Ukweli wa Mauaji ya Kimadhehebu ya Ireland ya Kaskazini

Kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998, zaidi ya watu 3,500 waliuawa katika mgogoro wa Ireland ya Kaskazini, na zaidi ya nusu yao walikuwa raia wa kawaida. Wengi waliuawa kwa sababu tu walidhaniwa kuwa Wakatoliki au Waprotestanti, na kwa mauaji mengi ya aina hiyo hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Leo wanaoulizia habari zao ni watoto na wajukuu, na mara nyingi wanaanza mahali pasipofaa, yaani kwa kumwandikia waziri barua ndefu yenye uchungu. Utaratibu ulio hapa chini unaanzia nyumbani.

Kabla ya kuandika barua yoyote, familia iamue inatafuta nini hasa. Kujua aliyefyatua risasi ni jambo moja. Kujua kama polisi au jeshi walikuwa na taarifa za awali wakanyamaza ni jambo jingine. Na kulisafisha jina la marehemu ni jambo la tatu, ambalo pengine ndilo linaloweza kupatikana mapema zaidi. Tarehe 4 Desemba 1971 bomu lilibomoa baa ya McGurk mjini Belfast na kuua watu 15. Wauaji walikuwa wanamgambo wa UVF, walio watiifu kwa Uingereza, lakini mara baada ya mlipuko ilienezwa habari kwamba bomu lilikuwa la IRA, wanamgambo waliopinga utawala wa Uingereza, na lilikuwa likitayarishwa au kusafirishwa na watu waliokuwamo humo humo. Kwa familia zile kazi ya kwanza ilikuwa kuufuta uongo huo, na ilibidi kungoja hadi mwaka 2011 ndipo Ombudsmani wa Polisi, yaani mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya polisi, aliposema rasmi kwamba upelelezi wa polisi uliegemea upande mmoja. Kama zingeshikilia jina la mwuaji peke yake, huenda zisingefika hata hapo.

Ndugu wote wakubaliane pia nani atatunza faili na nani atazungumza kwa niaba ya wote. Si kila mtu katika ukoo anapenda kaburi lifukuliwe, na asiyependa asilazimishwe, ila ni vizuri ajulishwe kabla ya kukuta picha ya kaka yake gazetini.

Baada ya hapo kusanyeni karatasi. Anzeni na cheti cha kifo, kisha magazeti ya siku zile, na msisome gazeti moja tu. Mjini Belfast, Irish News lilisomwa zaidi na Wakatoliki na News Letter lilisomwa zaidi na Waprotestanti; mkiyaweka pamoja na Belfast Telegraph la jioni mtaona ni taarifa gani ilitoka kwa msemaji wa jeshi na ni ipi iliyotoka kwa jirani aliyeona. Maktaba Kuu ya Belfast ina hazina ya magazeti hayo, na maktaba ya Linen Hall imekusanya maandishi ya kisiasa ya mgogoro tangu mwaka 1968, vikiwamo vijarida na vipeperushi vya wanamgambo wenyewe. Msiishie kwenye toleo la siku iliyofuata mauaji, kwa kuwa habari za mazishi, zilizochapishwa siku chache baadaye, wakati mwingine hutaja majina ya mashahidi ambao polisi hawakuwahi kuwahoji.

Karatasi yenye thamani kuliko zote ni faili la uchunguzi wa kifo mahakamani. Mafaili hayo hutunzwa katika Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Ireland ya Kaskazini iliyopo Belfast, na mengi bado yamefungwa, lakini ndugu wa marehemu anaweza kuomba afunguliwe kwa kutumia Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000. Faili la miaka ya 1970 huwa jembamba kuliko familia inavyotarajia: maelezo machache ya mashahidi yaliyopigwa taipu, ripoti ya daktari aliyepasua maiti, ramani iliyochorwa kwa mkono, na wakati mwingine kitabu kidogo cha picha. Picha hizo asizifungue mama mzazi peke yake. Ripoti ya daktari isomwe na daktari mwingine, kwa sababu upande risasi ilikoingilia na umbali iliopigwa kutoka huweza kuvunja maelezo yote yanayofuata.

Maelezo ya mashahidi msiyasome kama hadithi. Chukueni karatasi kubwa, mwandike saa upande wa kushoto, na kila tukio mliweke kwenye saa yake: mlio uliposikika, simu ya gari la wagonjwa ilipopigwa, polisi walipofika, kizuizi cha jeshi kilipowekwa na kilipoondolewa. Hapo ndipo mapengo hujitokeza. Shahidi anasema kulikuwa na askari kwenye kona ile saa tatu usiku, gari la wauaji likapita kona hiyo hiyo robo saa baadaye, na katika faili zima hakuna aliyeulizwa ni nani aliyeamuru askari waondoke. Angalieni pia aliyechukua maelezo. Kati ya mwaka 1970 na 1973, askari waliohusika na vifo walihojiwa na polisi wa jeshi lenyewe, si na polisi wa kiraia, na mahojiano hayo yalikuwa mepesi mno. Maelezo ya “Askari A” wa miaka hiyo, yaani askari aliyefichwa jina, yasomwe kwa kukumbuka jambo hilo. Mtakapopata daftari la matukio la jeshi, tazameni herufi iliyo baada ya saa: Z ni saa za Greenwich, ambazo wakati wa kiangazi huwa nyuma ya saa ya mjini kwa saa moja, na saa hiyo moja inatosha kuwatupia watu lawama isiyo yao.

Kumbukumbu za jeshi na za wizara hupatikana katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, na huko ndiko watafiti wanaosaidia familia wamechimbua mengi. Ombi la habari liwe jembamba: tajeni tarehe, mtaa, kikosi na aina ya hati, maana ombi la “kila kitu kuhusu kifo cha baba” hukataliwa kwa hoja ya gharama. Hati zinazotoka katika mashirika ya usalama hazitolewi chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari, na swali kama fulani alikuwa mtoa habari wa siri hujibiwa kwa msimamo wa kutokukubali wala kukana. Vielelezo vingine havipo tena. Maabara ya uchunguzi wa kisayansi ya Belfast ililipuliwa na IRA mwaka 1992, na gari walilotumia wauaji wa kijiji cha Loughinisland, waliowaua kwa risasi watu sita ndani ya baa tarehe 18 Juni 1994, liliharibiwa na polisi wenyewe ilhali kesi haijapata ufumbuzi. Mkiambiwa kielelezo kimepotea, ombeni kwa maandishi tarehe kilipoharibiwa na jina la aliyeidhinisha. Jibu la ombi hilo mara nyingine hufaa kuliko kielelezo chenyewe.

Mashahidi walio hai wafuatwe mapema, maana umri hauwasubiri, na maelezo yao yachukuliwe na wakili. Anayeshukiwa kuua asifuatwe na ndugu hata kidogo, wala jina lake lisitajwe hadharani. Kuna hatari ya kudaiwa fidia kwa kashfa, na katika baadhi ya mitaa kuna hatari iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kazi hii haifanywi na familia peke yake. Mashirika ya Relatives for Justice na Pat Finucane Centre yana uzoefu mkubwa wa nyaraka, hasa pale dola inapotuhumiwa. Shirika la SEFF la Fermanagh limewasaidia sana waathirika wa IRA. Na WAVE, iliyoanzishwa mwaka 1991, hupokea watu wa pande zote na hutoa pia ushauri nasaha. Msione haya kuuhitaji ushauri huo.

Kuhusu vyombo vya kisheria, hali imebadilika mara nyingi. Zamani familia ingeweza kumwomba Mwanasheria Mkuu aamuru uchunguzi mpya wa kifo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wafanyakazi 10 Waprotestanti walioteremshwa kwenye basi dogo na kuuawa kwa risasi huko Kingsmill tarehe 5 Januari 1976. Hakimu alitoa matokeo Aprili 2024, akasema lilikuwa shambulio la wazi la kimadhehebu lililofanywa na IRA, ingawa hakuwataja wauaji kwa majina. Uchunguzi huo uliponea chupuchupu, kwani Sheria ya Uingereza ya mwaka 2023 kuhusu mambo ya mgogoro huo ilisimamisha chunguzi zote za aina hiyo zisizokamilika tarehe 1 Mei 2024, na siku hiyo hiyo ikafunguliwa Tume Huru ya Maridhiano na Upatikanaji wa Habari. Familia nyingi haziiamini Tume hiyo, na mahakama za Belfast zimeona baadhi ya vifungu vya sheria yake vinakiuka haki za binadamu. Oktoba 2025 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni muswada wa kuibadilisha. Kwa hiyo wakili aulizwe kwanza sheria ikoje siku mnayowasilisha ombi, na kama kuna faida ya kusubiri.

Mkiamua kwenda kwenye Tume, ombi liwasilishwe na ndugu wa karibu, yaani mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa, na liambatane na maswali mahususi. Maswali yatoke kwenye ile karatasi ya saa, kila swali moja na hati yake: “Nani aliamuru kizuizi kiondolewe?” badala ya “Kwa nini aliuawa?” Kumbusheni pia hukumu za Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya za Mei 2001, zilizosema kwamba uchunguzi wa kifo sharti uwe huru, uwe na uwezo wa kuwafikia wahusika, ufanyike bila kuchelewa, uonekane na umma, na uwashirikishe ndugu kadiri maslahi yao yanavyodai.

Rasimu ya ripoti hupelekwa kwa familia kabla ya kutolewa. Isomeni na wakili kwa siku kadhaa, si kwa usiku mmoja, na mjibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa: kwanza makosa ya umri, kazi na anwani ya marehemu, kisha kila swali lenu lililojibiwa nusu, mkitaja aya inayohusika na hati inayolipinga jibu hilo. Nakala ya majibu hayo iwekwe kwenye faili pamoja na bahasha yenye muhuri wa posta.