Pakiti (vipande vya data ya intaneti) zinapotea mara moja moja? Anza na ping

Jamani kabla hujampigia mtoa huduma, washa ping mbili kwa pamoja (ping ni amri ya kompyuta inayopima kama kifaa kingine kinajibu), moja iende kwenye ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1) na nyingine 8.8.8.8 (seva ya Google huko nje kwenye intaneti), kwenye Windows weka -t mwishoni isisimame, halafu ziache hata saa nzima maana tatizo la kuja na kuondoka hulikamati kwa dakika 2. Ya ruta ikikatika, shida iko humo humo ndani. Chomeka kebo, ikitulia basi ni waifai, kama ni ya 2.4 GHz hamia chaneli 1, 6 au 11 kwenye mipangilio ya ruta, ile yenye majirani wachache. Na kebo bado inakatika? Badilisha kebo kwanza, kweli kabisa, kichwa kilicholegea kinatesa watu sana. Ikikatika ya 8.8.8.8 tu, andika saa, piga picha, mtumie mtoa huduma.