Kufufua programu ya zamani ya Pascal bila kuvuruga hesabu za chama

Mweka hazina wa chama kimoja cha akiba cha mtaa wa Umoja, Nairobi, alinijia pale Luthuli Avenue na disketi mbili ndani ya mfuko wa maziwa. "Kijana, pesa za watu ziko humo," akasema, na hakuketi mpaka nilipozipokea. Nilikuta faili tatu: CHAMA.PAS (msimbo, yaani maandishi ya programu), CHAMA.EXE (programu yenyewe) na WANACHAM.DAT (data ya wanachama). Ilikuwa imeandikwa kwa Turbo Pascal, ile kompaila ya lugha ya Pascal ya kampuni ya Borland iliyoanza kutoka 1983. EXE yake haifunguki tena, kwa sababu Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Bahati nzuri msimbo wenyewe upo, basi tunaukompaili upya, yaani kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa, kwa Free Pascal, kompaila ya bure.

Hatua ya 1. Nakili kila kitu kwenye folda mbili. Moja ya kazi, nyingine usiiguse. Disketi za zamani zinaweza kusomeka mara ya kwanza, mara ya pili zikagoma.

Hatua ya 2. Weka kompaila. Kwenye Ubuntu:

`sudo apt install fpc`

Hatua ya 3. Kompaili, kisha endesha:

`mv CHAMA.PAS chama.pas`
`fpc -Mtp -Cr chama.pas`
`./chama`

`-Mtp` inaiambia kompaila ifuate kanuni za Turbo Pascal. `-Cr` inasimamisha programu pale namba inapozidi nafasi yake. Watu wengi huiacha hiyo ya pili, na ndiyo ningekusihi usiiache. Ukiona "Runtime error 2", faili haijapatikana: Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo wanacham.dat si WANACHAM.DAT.

Hatua ya 4. Yangu ilikwama na "Runtime error 201". Chama kina wanachama 120, kila mmoja alichanga 500, na jumla iliwekwa kwenye kigeu (nafasi ya kuhifadhi thamani) cha aina ya `Integer`, yaani namba nzima. Katika Turbo Pascal aina hiyo ni ya biti 16, mwisho wake 32,767. Bila `-Cr` ningeletewa jumla ya -5,536 badala ya 60,000, wala programu isingelalamika. Badilisha kigeu cha jumla kiwe `LongInt`, namba nzima ya biti 32. Kigeu hicho tu! `Integer` iliyo ndani ya rekodi iache ilivyo, sababu inafuata.

Hatua ya 5. Hapa ndipo pa kukaa na kikombe cha chai. Kukompaili ni kazi ndogo; faili ya data ndiyo inayokula siku nzima. Rekodi ilikuwa hivi:

```
Mwanachama = record
  Jina: string[30];
  Namba: Integer;
  Akiba: Real;
end;
```

Chukua kalamu uhesabu baiti. Jina ni 31, maana baiti ya kwanza huhifadhi urefu wa jina. Namba ni 2. `Real`, namba yenye desimali, katika Turbo Pascal ni 6. Jumla 39. Faili yetu ilikuwa na baiti 4,680. Gawanya kwa 39 upate 120 kamili, wanachama wote wapo. Lakini `Real` ya Free Pascal ni baiti 8, na hata ukizibana nyuga (sehemu za rekodi) rekodi inakuwa 41. Kwa hiyo jina la kwanza linasomeka vizuri, la pili linaanza baiti mbili mbele. Mtu wa pili ni Wanjiku. Badala ya urefu 7, programu ilichukua herufi A ya jina lake, ambayo katika ASCII, orodha ya namba za herufi, ni 65, ikadhani jina lina herufi 65. Skrini ikajaa takataka.

Dawa yake ni `Real48`, ambayo ni ile `Real` ya zamani ya baiti 6 ndani ya Free Pascal:

```
Mwanachama = packed record
  Jina: string[30];
  Namba: Integer;
  Akiba: Real48;
end;
```

Na unapochapisha akiba (`m` ni rekodi ya mwanachama mmoja):

`writeln(real2double(m.Akiba):0:2);`

Neno `packed` linazuia kompaila kuacha mapengo kati ya nyuga.

Hatua ya 6. Kabla ya kuandika chochote, linganisha. Weka DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, elekeza kwenye ile folda ambayo hujaigusa, uendeshe EXE ya zamani:

`mount c ~/chama-asili`
`c:`
`CHAMA`

Ikikutupia "Runtime error 200", usihangaike na data. Maktaba ya Crt ya Turbo Pascal hupima kasi ya kompyuta inapoanza, na kompyuta ikiwa na kasi kupita kiasi hesabu hiyo inavunjika. Bonyeza Ctrl+F11 mara kadhaa kupunguza mwendo, ujaribu tena.

Mzee mweka hazina alisoma akiba kutoka DOSBox, mimi nikasoma zangu, jina kwa jina, mpaka la 120. Zilipolingana ndipo nikaandika faili mpya yenye `Double` (namba ya desimali ya baiti 8) mahali pa `Real48`, nikaipa jina tofauti. Ile ya zamani ilirudi kwenye mfuko wa maziwa jinsi ilivyokuja.