Kubadilisha sura ya Lydia kwenye Skyrim bila kuishia na uso wa majivu

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia kutoka Tanga, saa nne usiku. "Shikamoo mjomba. Lydia amekuwa na uso wa majivu." Lydia ni mwandani wa mchezaji kwenye Skyrim, mchezo wa kompyuta, na mpwa wangu alikuwa anambadilisha sura kwa modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji. Akanitumia picha. Nywele za kusuka alizozitafuta kwa siku nyingi zilikuwa zimekaa vizuri, mwili una weusi wa kupendeza, lakini kuanzia shingoni kwenda juu ni kijivu kitupu, kama mkaa uliokwisha kuungua. Niliujua ugonjwa huo hapohapo, maana uliwahi kuninyima usingizi siku tatu. Tulimaliza kwa simu kabla ya saa saba, na haya ndiyo tuliyofanya.

Mwongozo huu ni wa Skyrim Special Edition, toleo la 2016. Anniversary ya 2021 imejengwa juu ya hilohilo, kwa hiyo hatua hazibadiliki. Usichukue umbo la kichwa lililotengenezwa kwa mchezo wa kwanza wa 2011 ukalitia humu. Linaweza kuangusha mchezo mara mhusika anapotokea.

Hatua ya 1: Vifaa

Mod Organizer 2 (ya kupanga modi), SSEEdit (ya kusoma na kuhariri faili za modi) na Creation Kit (kihariri rasmi cha mchezo), ambayo inapatikana bure Steam, duka la michezo mtandaoni. Mchezo usikae ndani ya Program Files, Windows itakusumbua na ruhusa.

Najua wengi wanatumia Vortex, programu nyingine ya kupanga modi. Mimi namshauri kila mtu atumie Mod Organizer, kwa sababu kila modi inabaki kwenye folda yake, folda ya Data ya mchezo haiguswi, na unaona kwa macho modi gani inaishinda nyingine. Kwa kazi ya sura hilo la mwisho ndilo unalolihitaji kuliko yote. SSEEdit na Creation Kit uzifungue kutoka ndani ya Mod Organizer. Ukizifungua kwa nje hazitaiona hata modi moja.

Hatua ya 2: Nywele

Sakinisha modi ya nywele unayoitaka, iwashe, ingia mchezoni mara moja uhakikishe haujaanguka.

Hatua ya 3: Kumwandika upya Lydia

Fungua SSEEdit na modi zako zote. Kwenye kisanduku cha FormID, yaani namba ya utambulisho, andika 000A2C8E, ubonyeze Enter. Huyo ndiye Lydia. Jina lake la ndani ni HousecarlWhiterun. Upande wa kulia utaona safu za kila faili inayomgusa. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya safu ya mwisho kabisa, si ile ya Skyrim.esm (faili kuu ya mchezo wenyewe), uchague "Copy as override into", kisha faili mpya ya esp (faili inayobeba maandishi ya modi) yenye alama ya ESL, yaani faili nyepesi. Ukinakili kutoka Skyrim.esm utafuta marekebisho yote ambayo modi nyingine zilimfanyia.

Kwenye nakala yako, tafuta orodha ya sehemu za kichwa, yaani PNAM. Ondoa nywele zake za zamani, weka mpya. Rangi ya nywele iko HCLF.

Rangi ya ngozi imeandikwa mahali pawili: QNAM, ambayo ndiyo inayoupaka mwili, na safu ya rangi ya ngozi kwenye orodha ya tint (tabaka za rangi za uso), ambayo ndiyo inayoupaka uso. Weka namba zinazolingana, la sivyo utapata shingo ya mtu mmoja na kichwa cha mwingine.

Naomba sana, usimfanye mhusika mweusi kwa kuitia giza picha yenyewe ya ngozi, femalehead.dds. Picha hiyo inatumiwa na wanawake wa kila kabila la binadamu humo: Nord, Breton, Imperial, Redguard. Ukiigusa, kila mwanamke kuanzia Whiterun mpaka Riften anabadilika, na wale waliokuwa weusi tangu mwanzo wanapakwa mara mbili na kupoteza macho, midomo na mistari yote ya uso. Watu weusi wengi kwenye modi wanaonekana kama sanamu za udongo kwa sababu hiyo. Picha iache na mwanga wake, rangi ifanye kazi yake juu.

Hatua ya 4: Kuuoka uso

Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama, na mimi kabla yake.

Uso wa mhusika kwenye Skyrim hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni hayo maandishi ya esp uliyoyagusa sasa hivi. Ya pili ni faili mbili zilizokwisha kuokwa, yaani zilizotengenezwa tayari na Creation Kit:

meshes\actors\character\facegendata\facegeom\Skyrim.esm\000A2C8E.nif

textures\actors\character\facegendata\facetint\Skyrim.esm\000A2C8E.dds

Ya kwanza, nif, ni umbo la kichwa pamoja na nywele, ya pili, dds, ni rangi ya uso. Chukulia doti ya kanga. Vipande viwili vimechapwa pamoja. Ukijifunga cha doti moja na kujitanda cha doti nyingine, mtu anaona kabla hujavuka kizingiti. Mchezo nao unakagua. Ukikuta sehemu za kichwa kwenye nif hazilingani na zilizoandikwa kwenye esp, unakitupa kichwa kilichookwa na kujiundia chake, bila ile rangi. Ndiyo majivu unayoyaona. Kwa hiyo kila unapobadilisha nywele, macho au nyusi, hata kama ni nyusi tu, lazima uoke upya.

Kwanza, kwenye CreationKitCustom.ini, faili ya mipangilio ya Creation Kit, chini ya [General], andika bAllowMultipleMasterLoads=1. Bila mstari huo Creation Kit haikubali kupakia faili kuu zaidi ya moja. Ifungue, nenda File kisha Data, weka tiki kwenye esp yako, bonyeza "Set as Active File", subiri. Itamwaga maonyo mengi, yapite. Kwenye orodha ya Actor, chuja kwa HousecarlWhiterun, mbofye mara moja tu bila kumfungua, kisha Ctrl+F4 na ukubali.

Sasa funga Creation Kit bila kuhifadhi. Narudia, usihifadhi. Creation Kit ikihifadhi esp yako, inaondoa utegemezi wa esp nyingine, na kama modi ya nywele ni esp, uhusiano wako nayo umekatika. Maandishi fanya SSEEdit, kuoka tu ndiyo fanya huku.

Faili zilizookwa utazikuta kwenye Overwrite, folda ya Mod Organizer inayopokea faili mpya. Zitengenezee modi yake. Hakikisha folda inaitwa Skyrim.esm na si jina la esp yako. Ikiwa ni jina lako, ulitengeneza mtu mpya badala ya kumrekebisha Lydia.

Haya, umeoka, na bado ni majivu. Siku zangu tatu zilikwenda hapa. Mod Organizer ina pande mbili. Kushoto ni mpangilio wa faili za kawaida, nif na dds. Kulia ni mpangilio wa esp. Kila upande una mshindi wake, na haujui habari za mwenzake. Mimi nilikuwa nimeivuta modi yangu mpaka chini kabisa upande wa kushoto nikaridhika, kumbe kulia kulikuwa na esp ya mapigano iliyomgusa Lydia ili kumwongezea ujuzi tu, na katika kumgusa ikabeba na nywele zake za zamani. Faili zangu zilishinda, maandishi yake yakashinda, na doti ikachanganyika.

Rudi SSEEdit, tazama safu ya mwisho kulia. Kama si ya kwako, usiifute ile modi nyingine. Buruta mambo yake ya maana, ujuzi au mavazi, uyaingize kwenye safu yako, kisha esp yako iwe ya mwisho.

Ukitaka kujua kosa liko wapi, tazama shingo. Uso wa kijivu kabisa ni sehemu za kichwa kutolingana. Uso mzuri lakini shingo ina mstari wa rangi mbili, kagua QNAM, au huenda ngozi ya mwili na ya kichwa zimetoka modi mbili tofauti.

Na kama mhusika ni wako mwenyewe, si wa Skyrim.esm, ukibana FormID (kuzipa namba ndogo) ili iwe ESL baada ya kuoka, namba yake inabadilika lakini jina la faili linabaki la zamani. Oka tena.

Hatua ya 5: Kumtazama

Kwenye menyu kuu, bila kufungua mchezo uliohifadhi, fungua konsoli, sehemu ya kuandika amri: coc qasmoke, inayokupeleka chumba cha majaribio, kisha player.placeatme 000A2C8E. Atasimama mbele yako. Mzungukie, umtazame chini ya taa na gizani. Toka bila kuhifadhi.

Ukitaka kuipandisha modi yako Nexus, tovuti ya kugawana modi, kumbuka ile nif ina nywele ndani yake. Ukiitoa, umetoa na kazi ya aliyezitengeneza, kwa hiyo soma masharti yake au umwombe ruhusa. Mpwa wangu ameshamwandikia aliyesuka zile nywele. Mpaka leo asubuhi alikuwa anasubiri jibu, na Lydia wake bado anamwona yeye na mimi tu.