Unatafuta kikundi cha kuacha pombe karibu na unapokaa? Anzia hapa

Kabla ya yote kuna jambo la afya lazima niliseme. Kama unakunywa kila siku na asubuhi usipopata kidogo mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako chumbani eti unasubiri mitingi ya jumamosi. Arosto ya pombe, yaani mwili kuteseka kwa kukosa pombe uliyoizoea, inaweza kuanza masaa machache tu baada ya glasi ya mwisho na siku mbili tatu za mwanzo ndo mbaya zaidi, mtu anaweza kuanguka kifafa au kuanza kuona vitu ambavyo havipo, na wapo wanaokufa. Dawa ya hapo iko kwa daktari, kikundi hakiwezi kukusaidia kwa hilo. Kamuone kwanza, na hapohapo muulize kuhusu vikundi.

Haya sasa, kutafuta. Wengi wanaanza na Alcoholics Anonymous, yaani AA, kwa sababu iko nchi nyingi sana duniani. Ingia aa.org au shusha programu yao ya simu inaitwa Meeting Guide, andika mji wako, itakuonyesha vikao vya karibu pale ambapo vimesajiliwa. Ila usiishie hapo jamani, maana vikundi vingi vidogo havipo mtandaoni kabisa, vinajulikana kwa mdomo tu. Uliza kliniki ya afya ya akili, uliza afisa ustawi wa jamii hospitalini, piga simu soba hausi yoyote, yaani nyumba wanakokaa watu wanaoacha ulevi, hata kama huna mpango wa kulala huko, wao wanajua nani anakutana wapi na jioni gani. Ukikuta kikao kinafanyikia kanisani usidhani lazima ni cha kanisa, mara nyingi wamekodi chumba tu.

Alafu ujue vikundi havifanani. AA ilianza 1935 kule Akron, Marekani, na watu wawili waliokuwa wanasumbuliwa na pombe, Bill Wilson na daktari mmoja wa upasuaji, Bob Smith, na mpaka leo sharti la kuingia ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna ada, kunapitishwa kikapu cha hiari cha kodi ya chumba na chai. Wana hatua 12 za kufuata ili kuacha na wanamtaja Mungu, kila mtu kwa jinsi anavyomuelewa yeye, wengine hilo linawapa nguvu na wengine linawakimbiza. Kama linakukimbiza jaribu SMART Recovery, ilianza 1994, wao wanashughulika na mawazo na tabia, unajifunza mbinu za kukabili hamu ikija, habari za dini hazimo. Kuna Women for Sobriety ya wanawake peke yao tangu 1975, na kama mlevi ni mumeo au mwanao, wewe unatafuta Al-Anon, vikundi vya ndugu na jamaa wa walevi.

Ukishapata jina la kikundi piga simu au tuma meseji kwanza, ratiba za mtandaoni nyingi zimepitwa na wakati na inakatisha tamaa mno kufika ukakuta mlango umefungwa siku ambayo umejikaza kweli kweli. Uliza kama bado wanakutana, wanaongea lugha gani, na kikao ni cha wazi au cha ndani. Cha wazi unaweza kwenda na dada yako au rafiki akusindikize, cha ndani ni kwa wenye tatizo la pombe tu.

Siku yenyewe fika mapema kidogo. Jina moja linatosha, na ukiombwa kuongea sema "leo nasikiliza tu", hakuna atakayekulazimisha. Ila kitu ambacho wageni wengi wanakikosa ni zile dakika baada ya kikao, watu wamesimama nje wanapiga stori, wewe ushakimbilia nyumbani. Baki! Pale ndo unapata namba za simu, na kwa maoni yangu namba ya mtu utakayempigia saa tano usiku hamu ikikupanda ina thamani kuliko kikao chenyewe. Sponsa, yaani mwenzako mzoefu wa kukushika mkono, pia utamuona hapohapo, tafuta aliyekaa muda mrefu bila kunywa, na kawaida wanashauri awe wa jinsia yako.

Usihukumu kwa kikao kimoja. Nenda mara kadhaa, na vikundi tofauti ukiweza, maana hata AA mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na watu tofauti kabisa. Lakini ondoka bila kuaga ukiona mtu anadai hela ndo ukubaliwe, au anakuambia uache dawa za daktari, au siri za kikao unazisikia mtaani, au kuna mzee anatongoza kila mgeni.

Na kama hakuna kitu kabisa karibu, kuna vikao vya Zoom karibu kila saa, kamera unaweza kuzima. Ukipata mwenzako mmoja tu anayetaka kuacha mnaweza kuanza chenu, kwa AA hata watu wawili watatu wanahesabika kikundi. Tafuteni chumba cha bure, chagueni siku na saa na msizibadilishe ovyo, alafu kamwambieni yule daktari na soba hausi kwamba mpo, ili anayeuliza baada yenu aelekezwe kwenu.