Flenji ya inteki manifodi isipinde wakati wa kuchomelea

Jamani mnaotengeneza inteki manifodi (mirija ya kupeleka hewa kwenye silinda za injini) ya alumini wenyewe, iwe ya injini ya Toyota 1JZ au Mitsubishi 4G63, flenji, yaani lile bamba bapa linalofungwa kwenye injini, msiichomelee ikiwa imelala tu mezani. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata moto, na ikipoa inavutwa upande wa weldi, inajikunja kama ndizi. Tafuta silinda hedi (kichwa cha injini) mbovu ya injini hiyohiyo uifungie flenji hapo kwa bolti zake zote, ukikosa tumia bamba nene la chuma, halafu gusisha vidoti vya weldi kwanza kila mrija, ndo uanze kuchomelea kwa TIG (weldi ya umeme yenye gesi ya kinga) vipande vifupi ukirukaruka, mrija wa kwanza kisha wa mwisho, usimalize mmoja kwa mkupuo. Na usifungue bolti mpaka ipoe kabisaaa, hapa ndo wengi wanakosa subira.

Flenji anza na ya mm 12 hivi, maana hata ukiwa makini lazima ukaiskimu mwishoni, yaani kuinyoosha uso kwa mashine. Ikivuja hewa kidogo tu silinda moja inapata hewa nyingi kuliko petroli, na kwenye injini isiyo na tabo (turbo) yenye mgandamizo mkubwa pistoni inaweza hata kutoboka, aisee hiyo ni hasara kubwa kwa kitu cha kuzuilika.