Jinsi ya kutafuta minyoo bapa kwenye nyoka aliyegongwa barabarani

Wengi wakishampasua nyoka wanakimbilia utumbo, wakikuta tegu wanapiga picha na kufunga kazi, kumbe minyoo wengine bado wamo. Minyoo bapa, yaani tegu na jamaa zake wenye mwili uliobapa, wanakaa mdomoni, kwenye nyongo, kwenye mirija ya figo mpaka chini ya ngozi, kwahiyo fuata mpangilio huu.

1. Kibali. Nyoka hata akiwa amekufa bado ni mnyamapori, Tanzania anzia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Kenya ni KWS (shirika la wanyamapori).

2. Jilinde. Kichwa cha kifutu au swila kikishakatwa bado kinaweza kung'ata, kifunge vizuri kwa plasta nene kabla ya yote. Vaa glavu, nyoka wanabeba salmonela. Halafu chatu na kifutu wanaweza kuwa na vimelea wanaoitwa Armillifer kwenye mapafu, hao wana pete pete mwilini na sio minyoo bapa kabisa, ila mayai yao yakikuingia kinywani yanakuambukiza.

3. Pima uzito, pima urefu kutoka puani mpaka kwenye tundu la haja, andika jinsia.

4. Fungua mdomo, angalia ufizi na koo kwa lenzi. Marekani ya Kaskazini nyoka wanaokula vyura wanabebaga minyoo bapa aina ya Ochetosoma humu, wanatoka kwenye konokono wa maji wanaingia kwa viluwiluwi halafu kwa nyoka. Andika kila kidonda na wekundu.

5. Sasa mchune, hapa ndo usiwe na haraka hata kidogo. Tafuta vitu vyeupe chini ya ngozi na katikati ya misuli, vimekunjamana kama tambi iliyoiva, havina pingili, na ukiviweka kwenye maji ya chumvi ya 0.9% vinajinyoosha polepole. Hao ni sparganamu, yaani lava wa tegu Spirometra. Usimvute kwa nguvu, akikatika kile kipande chenye kichwa kinabaki ndani na ndo unachokihitaji, mfungulie njia kwa ncha ya mkasi mpaka atoke mzima. Huyu lava ni hatari kwa binadamu pia, anampata mtu akila nyama mbichi ya nyoka au chura, au akinywa maji yenye kopepodi (vijidudu vidogo vya majini) walioambukizwa.

6. Pasua tumboni katikati, mkasi ushikilie juu juu usitoboe utumbo. Nyongo ya nyoka haijashikana na ini, iko chini zaidi karibu na kongosho, usiiruke. Fungua kila kiungo kwenye sahani yake. Chatu akiwa na tegu mkubwa, angalia kichwa chake, Bothridium ana mirija miwili ya kujishikizia. Tegu mwenye vikombe vinne vya kujishikizia kichwani inawezekana ni Ophiotaenia.

7. Kuhifadhi: kwa DNA weka kwenye ethano ya 96%. Kwa kuangalia umbo muue kwa fomalini ya moto ya 4% ili asijikunje, fanyia sehemu yenye hewa. Lebo iwe karatasi iliyoandikwa kwa penseli na iingie ndani ya chupa, maana wino wa kalamu unafutika kwenye ethano.

8. Madhara. Pima mafuta ya tumboni, linganisha na idadi ya minyoo. Nyoka wengi wa porini wanaishi na minyoo wachache bila shida ya kuonekana. Wakizidi ndo unakuta utumbo umeziba au una vidonda, uvimbe chini ya ngozi, mdomo umeoza kwa bakteria walioingilia pale mnyoo aliposhika, na nyoka amekonda. Lakini aliyegongwa na gari ameuawa na gari, usiandike minyoo imemuua kisa umeikuta mingi.

9. Mabaki yachome au yazike kwa kina, mbwa na paka wasiyafikie kabisa. Wakila sparganamu anakomaa kuwa tegu kwenye matumbo yao, mayai yanatoka na kinyesi, mvua inayapeleka bwawani.