Sita imeanguka: uwezo maalumu unapogongana kwenye Warhammer 40,000

Warhammer 40,000 ni mchezo wa vita wa mezani, unaochezwa kwa vikosi vya askari wadogo na dadu. Ugomvi mwingi kwenye meza yetu hapa Walukuba, Jinja, hauletwi na mtu kuiba inchi anaposogeza askari wake. Futi tunayopimia ni ile ile ninayopimia suruali za wateja, ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na bado sijaona mtu wa kubishana na futi ya fundi cherehani. Kelele huanza dadu inapoonyesha sita na bunduki iliyotupiwa ina uwezo wa aina tatu kwa mpigo. Kila mtu anataka sita yake ifanye kazi zote.

Nazungumzia toleo la kumi la mchezo, lililotoka 2023. Sheria zake za msingi Games Workshop, kampuni yenye mchezo huu, walizitoa bure kwa kupakua, ndiyo maana hata sisi ambao askari wetu ni kadibodi iliyogandishwa juu ya vifuniko vya soda tunacheza. Majina ya uwezo nitayaacha yalivyochapwa, kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye karatasi ya kikosi chako.

Shambulio lina hatua tano. Unatupa dadu ya kupiga, halafu ya kujeruhi. Mwenye kikosi kilichopigwa anaamua jeraha limwangukie askari yupi, anatupa dadu ya kujikinga, na akishindwa, madhara yanaingia. Kila uwezo maalumu umefungwa kwenye hatua yake. Kwa hiyo usihangaike kuuliza uwezo upi una nguvu kuliko mwenzake. Uliza hivi: dadu ya hatua hiyo imetupwa? Kama haikutupwa, uwezo unaoitegemea haupo, hata kama umeandikwa kwa herufi nene.

Tuchukue bunduki moja tuifumue. Ina mashambulio kumi, inapiga kwa 3 kwenda juu, madhara yake 2 (pointi za uhai anazopoteza askari jeraha likiingia), na imebeba Lethal Hits, Sustained Hits 1 na Devastating Wounds. Nguvu yake ni sawa na ugumu wa adui, kwa hiyo inajeruhi kwa 4 kwenda juu. Umetupa dadu za ludo kumi, zimekuja hivi: 6, 6, 5, 4, 3, 3, 2, 2, 1, 1.

Nne za mwisho zimekosa, ziondoe mezani kabisa zisikuchanganye. Zile 5, 4, 3 na 3 zimepiga kawaida. Zilizobaki ni sita mbili, na hapa ndipo Afande, jirani yangu aliyestaafu jeshi, husimama kutoka kwenye benchi.

Lethal Hits inasema sita kavu ya kupiga inajeruhi yenyewe. Sita kavu ndivyo tunavyoiita sita iliyo usoni mwa dadu, kabla hujaongeza wala kupunguza chochote. Basi sita zile mbili tayari ni majeraha mawili. Ziweke pembeni, upande wa kulia wa meza, na usiziguse tena. Sustained Hits 1 nayo inasema kila sita kavu ya kupiga inaleta pigo moja la ziada. Hizi mbili hazigombani: sita moja inajeruhi yenyewe na pia inazaa pigo. Ila pigo lililozaliwa ni pigo la kawaida. Halikutokana na sita yake lenyewe, kwa hiyo halijeruhi bure, wala halizai lingine. Linakwenda kutupiwa dadu ya kujeruhi kama wenzake.

Hesabu sasa: mapigo manne ya kawaida na mawili yaliyozaliwa, jumla dadu sita za kujeruhi. Umetupa, zimekuja 6, 5, 4, 3, 2, 1. Tano na nne zimejeruhi. Tatu, mbili na moja zimekosa. Sita ndiyo inayoamsha Devastating Wounds: madhara yake 2 yanakuwa majeraha ya mauti, yale yasiyokingwa na deraya wala na kinga isiyotobolewa na AP, yaani uwezo wa silaha kutoboa deraya.

Mpwa wangu lazima hapo aseme, “Mjomba, na zile sita mbili za mwanzo je? Nazo zipite kinga!” Hapana. Devastating Wounds inaangalia dadu ya kujeruhi, na zile hazikutupiwa dadu ya kujeruhi hata moja. Zimejeruhi, ndiyo, lakini adui anatupa kinga yake. Kwa hiyo adui anajikinga mara nne, mbili za Lethal Hits na mbili za kawaida, na moja tu ndiyo inayompita. Mtu akikushawishi kwamba uwezo huu wa aina mbili ukikaa pamoja unasaidiana, mwambie afumue upya: kila sita inayojeruhi yenyewe ni dadu moja iliyopungua kwenye kutafuta Devastating Wounds.

Majeraha hayo mawili ya mauti yanasubiri. Maliza kwanza mashambulio yote mengine ya kikosi, ndipo uyatoe. Nayo hayaruki kutoka kwa askari mmoja kwenda kwa mwingine. Akifa wa jeraha moja, la pili linapotea. Hapa angalia faili uliyohifadhi kwenye simu, kwa sababu nakala ya kwanza ya 2023 iliruhusu yaruke, na ilirekebishwa baadaye. Wawili wakiwa na nakala tofauti wanaweza kugombana mpaka umeme ukatike na wote wakawa wanasoma vizuri.

Ukishaelewa sita zile mbili, mengine ni mepesi. Torrent, ile ya bunduki za moto, inapiga bila dadu. Kamanda akijiunga na kikosi akawapa wote Lethal Hits au Sustained Hits, mwenye bunduki ya moto hapati kitu, maana hana dadu ya kupiga ya kuonyesha sita. Lakini dadu ya kujeruhi anatupa, kwa hiyo Twin-linked, inayokuruhusu kurudia dadu hiyo, inamfaa.

Anti ndiyo ninayoiogopa. Ikiandikwa Anti-Infantry 4+, basi dhidi ya askari wa miguu dadu kavu ya kujeruhi ya 4, 5 au 6 inahesabiwa kama sita kavu. Ikikutana na Devastating Wounds kwenye bunduki moja, nusu ya dadu zako za kujeruhi zinapita kinga. Hiyo ni halali kabisa, hata mwenye kupigwa akinuna.

Nyongeza na punguzo hazigusi sita kavu. Ukiwa na +1 ya kupiga, 5 yako inasomeka 6, lakini Lethal Hits haiamki. Na nyongeza hazirundikani: hata ukipata tatu, dadu ya kupiga au ya kujeruhi haizidi +1 wala haipungui chini ya -1. Kurudia dadu kunafanyika kabla ya nyongeza, na dadu hairudiwi mara mbili. Iliyokuja baada ya kurudia ndiyo hiyo, na ikiwa sita ni sita kavu halali.

Kwa anayepigwa, Feel No Pain, dadu ya kuzuia uhai usitoke, hutupwa mwisho kabisa, kwa kila pointi ya uhai inayotaka kutoka. Madhara 2 ni dadu mbili. Inafanya kazi hata kwenye majeraha ya mauti, na watu husahau hilo kila mara. Ukiwa nayo kutoka sehemu mbili, moja kwenye karatasi ya kikosi na nyingine kwa kamanda, chagua moja.

Kuna siku uwezo wa pande mbili utaamka kwa wakati mmoja na hatua ni ile ile. Hapo sheria ni fupi: mwenye zamu anapanga upi utangulie. Ikitokea kabla ya mchezo kuanza, au mwanzoni au mwishoni mwa raundi, kila mmoja anatupa dadu na mwenye kubwa anapanga. Zikilingana, tupeni tena.